Kaburi la Isingoma Si Hati ya Shamba

Bunia, mtaa wa Saio
Jumapili mchana

Kato,

Sikuandikii kukuuliza kama umefunga sanduku, wala kama umeweka sweta. Una miaka ishirini na moja na una nyota begani. Sweta utaitafuta mwenyewe. Wala sikuandikii kukubariki. Leo baada ya misa padri aliniuliza kama nimekwisha kukuwekea mkono kichwani, nikamwambia mkono unaniuma. Hauniumi hata kidogo. Nimekukasirikia tangu Ijumaa, na hasira hiyo nusu ni juu yako, nusu ni juu yangu mwenyewe. Nitaanza na nusu yako kwa sababu ndiyo nyepesi.

Hivi ninavyoandika uko kwa chefu, mtawala wetu sisi wa mlimani, mnakunywa bia ya kuagana, na bila shaka amekukalisha kwenye kiti chenye mto. Kesho asubuhi kamio la jeshi litakuchukua wewe na askari wako. Mtalala Boga, na Jumanne mtashuka bondeni Kasugo na kulitwaa bonde zima, nyumba, mashamba na maji. Ndiyo kazi ya kwanza uliyopewa tangu utoke chuo cha maofisa. Viatu umevipiga rangi tangu juzi, na kila ukipita mbele ya kioo unasimama. Mimi nilikuwa jikoni nakutazama, wala hukuniona.

Ijumaa mezani nilikuuliza mnakwenda kufanya nini kwa watu ambao hawajatukosea kitu. Ukaweka kijiko chini, ukaongea na mimi kana kwamba ni mmoja wa askari wako wapya.

"Mama, hapana kuwa na woga. Batu ya Kasugo iko marafiki yetu. Siye tunaenda kubalinda."

"Kubalinda na nani?"

"Adui anaweza kupita pale, kutoka ngambo ya Semliki. Bo hawana nguvu. Ile bonde ikibakia mu mikono yabo, siku moja tutaamuka, adui iko hapa Bunia."

"Na bo bamekuomba muende?"

Ukacheka. "Mambo ya jeshi hapana kuomba-omba, Mama. Na tena ile udongo iko yetu. Ndugu yangu analala pale. Iko ndani ya dosie, imeandikwa mu biro ya serikali."

Niliondoa sahani yako ungali unakula. Ulidhani nimechanganyikiwa, ukaniita urudishiwe. Sikuchanganyikiwa. Sikutaka uendelee kula chakula changu na maneno hayo mdomoni.

Tuanze na huo ulinzi. Alhamisi tulipokwenda kufanya salongo, kufagia barabara ya mbele ya kwa chefu, niliona uani kwake mizunguko ya seng'enge imepangwa hadi usawa wa dirisha, na nguzo za miti zimechongwa ncha, tayari kuchomekwa. Adui wa ng'ambo ya Semliki hazuiwi na ua wa ng'ombe. Saio nzima inajua ng'ombe wa nani wanasubiri majani ya Kasugo: wa chefu, wa komisera wa zoni, na wa yule mkubwa wa Kinshasa ambaye hajawahi kukanyaga tope letu. Mchungaji wao ni wewe. Umesoma miaka mitatu, umefundishwa ramani na dira, ili uwe mchungaji mwenye bunduki. Na kama kweli kuna adui anakuja, kawaulize watu wa Kasugo wanataka msimame wapi, kisha msimame hapo. Rafiki humtoi nyumbani kwake ukasema umemlinda.

Nao si marafiki wa hotuba. Babu yako mzaa baba alikula na mzee wao mmoja punje ya kahawa iliyopakwa damu, kila mmoja punje yenye damu ya mwenzake, mbele ya watu wa pande zote mbili. Tangu siku hiyo kiangazi kikikaza ng'ombe wetu wa mlimani walishuka kunywa kwao, na mvua zikiwaharibia mashamba wao walipanda kwetu kuchukua muhogo. Hakuna aliyebisha hodi. Haya ulikuwa unayajua kidogo. Sasa nitakueleza usiyoyajua, na hapa ndipo inapoanza nusu yangu.

Wakati wa uasi baba yako alichukuliwa barabarani na hakurudi. Nilishuka Kasugo na ninyi mapacha, Isingoma kifuani kwa sababu alikuwa anakohoa, wewe mgongoni kwa sababu ulikuwa mzito. Mlikuwa na miezi minne. Tulipokewa na Mzee Safari, ambaye hakuwa mzee wakati huo, na mkewe Mama Vero. Walituweka katika nyumba ya kupikia, nyuma ya kuni. Siku ya tatu waasi walikuja kutafuta watu wa mlimani. Nilimsikia Mzee Safari nje.

"Hapa hapana mugeni. Hapa iko batoto yangu tu."

Walimpiga kwa kitako cha bunduki wakamharibu jicho moja. Alisema maneno yaleyale mpaka wakachoka. Sisi tulikaa pale miezi kumi na mmoja, na hakuna siku hata moja aliyonifanya nijisikie kwamba ndimi niliyemgharimu lile jicho.

Isingoma alifariki mwezi wa pili wa kukaa kwetu pale. Baada ya hapo maziwa yangu yalikauka. Wewe ulilia siku mbili mfululizo, na kulia kwako kulikuwa hatari kwa nyumba nzima, maana waasi walikuwa bado wanapita. Mama Vero alikuwa na binti yake mchanga, Furaha. Alikuja akaniambia, "Leta huyu. Weye lala." Akakuweka titi la kushoto, Furaha la kulia. Ulinyonya kwake mpaka tukaondoka, na ulipoanza kusema, mama uliyemwita kwanza alikuwa yeye. Niliona wivu. Nakuambia na hilo pia, kwa kuwa leo sifichi kitu.

Sasa kaburi. Kwa desturi ya Kasugo mgeni akifa hazikwi porini wala kando ya njia. Anazikwa nyuma ya nyumba iliyompokea, na anayechimba ni mwenye nyumba mwenyewe. Mama wa marehemu hashiki jembe, kwa sababu siku ile yeye ni binti wa nyumba hiyo na mtoto ni mjukuu wao. Mzee Safari alimchimbia Isingoma akiwa na kitambaa juu ya jicho. Mama Vero akang'oa jiwe moja katika mafiga yake matatu, likiwa bado na masizi, akaliweka juu ya kaburi ili mtoto ajue jiko lake ni lipi. Kuanzia siku ile alipika kwa mafiga mawili na tofali lililovunjika, na sufuria ilikuwa inainama upande. Nilielewa maana yake vizuri kabisa. Walikuwa wanamchukua mtoto wangu awe wao. Hawakuwa wananipa mimi ardhi.

Ulipokuwa na miaka kama kumi, ikaja ile sheria mpya ya ardhi, na watu wa ofisi wakaanza kuzunguka na minyororo ya kupimia. Chefu alinitumia habari nifuatane nao Kasugo kwa kuwa mimi ni mwalimu na ninajua kuongea na watu wa serikali. Wiki ileile alikuwa ameniambia kwamba shule ya wasichana inatafuta mkuu. Hakusema zaidi ya hapo. Hakuhitaji kusema.

Mwenye daftari alikuwa kijana mpole, koti lake la abakosti likimbana tumboni. Chefu alisimama nyuma yake. Tulipofika nyuma ya nyumba ya Mzee Safari, yule kijana akauliza:

"Mama, nyinyi ya mulimani muko na kaburi hapa?"

"Tuko nayo."

"Ya nani?"

"Ya mutoto wangu."

"Pole, Mama. Jina yake nani?"

Kato, kwa miaka kumi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jina lake. Huku Saio watu walijua nina mtoto mmoja. Nilisema Isingoma, na yeye akaliandika herufi kwa herufi, akaniuliza kama ameandika sawa. Nikalia. Akanipa leso yake. Nikamweleza kikohozi, nikamweleza nywele zake zilivyokuwa laini kuliko zako, nikamweleza alivyokuwa akishika kidole changu. Nilimweleza yote isipokuwa nani aliyechimba kaburi. Kisha akaonyesha lile figa la Mama Vero.

"Na hii jiwe, ni nyinyi muliweka?"

Chefu alikuwa ananitazama. Niliitikia kwa kichwa.

Usije ukanitetea kwamba nilikuwa na majonzi. Majonzi nilikuwa nayo, na akili pia nilikuwa nayo. Nilijua daftari lile ni la nini. Katika ofisi zetu penye kaburi lako ndipo penye shamba lako, hata watoto wa darasa langu walilijua hilo. Wiki chache baadaye ikaandikwa kwamba sisi wa mlimani tuna makaburi ya zamani bondeni Kasugo, na jiwe la mpaka. Mtoto wangu mmoja, aliyezikwa kwa huruma ya watu, akawa makaburi. Figa likawa mpaka. Mimi nikawa mkuu wa shule.

Hilo lilikuwa kosa, na ningeweza kulirekebisha. Lililofuata ni baya zaidi.

Mama Vero alikuja hapa Saio. Alitembea siku mbili na kapu la maharage kichwani. Alikaa pale unapoweka kofia yako sasa, chini ya picha ya Rais, miguu ina vumbi mpaka magotini, na hakutaka maji kwanza.

"Batu ya biro banasema bonde iko ya chefu yenu," alisema. "Banasema weye ulisema. Miye niliwaambia hapana, huyu iko mutoto yangu, hawezi kusema vile. Basi tuende naye kwa komisera. Useme tu vile ilikuwa. Ni nani alichimba, na ile jiwe ilitoka wapi. Ni maneno mbili tu."

Nikamjibu, "Mama Vero, hii wiki niko na mitihani ya batoto."

Akasukuma kapu la maharage mbele yangu. "Bon. Tutangoja mitihani iishe."

Alilala hapa siku moja, akaosha vyombo vyangu, akakuita ukamsogelea, akakushika kichwa akapima urefu wako kwa kiganja chake. Kisha akarudi kwa miguu. Mitihani ikaisha, na mimi sikwenda. Alimtuma mtu mara moja, nikamwambia ninaumwa. Hakutuma tena. Ulipouliza yule mama alikuwa nani, nilikuambia ni muuza maharage. Maharage yenyewe tulikula wiki mbili, mimi na wewe, na ulisema ni matamu.

Kwa hiyo unaponiambia mezani kwamba ndugu yako analala pale na udongo ni wetu, sina wa kumlaumu ila mimi. Ni mimi niliyekufundisha. Kila siku ya marehemu nilikuwashia mshumaa mkononi nikakuambia Isingoma analinda ardhi yetu, kwa sababu nilihitaji uongo wangu uwe na mtu mwingine wa kuuamini. Mtoto huamini. Wewe uliamini mpaka ukaufanya kazi ya maisha, na sasa umeuvalia magwanda.

Nimekaa na jambo hili miaka kumi na zaidi, na nilichopata ndicho hiki. Hakuna aliyenishika shingo. Sikutishwa, sikupigwa kama Mzee Safari alivyopigwa. Nilipewa leso na swali la upole, na nilipoteza kila kitu ambacho yeye alikilinda kwa jicho lake. Na kila mwaka niliosema nitakwenda mwaka ujao, njia ya kwenda Kasugo ilizidi kuwa ndefu, mpaka Mzee Safari akafa bila kunisikia. Nilipata habari sokoni, kwa mchuuzi wa chumvi. Nikanunua chumvi nikarudi nyumbani. Sikwenda hata kwenye matanga.

Wewe una nafasi ambayo mimi niliitupa, na yako ina muda mfupi sana. Kesho kamio likipiga honi, usipande. Nenda kwa meja wako ukamwambie hutashuka Kasugo, na umwambie kwa nini. Najua watakachokufanya. Watakuvua hiyo nyota mbele ya vijana uliowafokea wiki nzima, na watakufunga. Chefu atasema umelewa bia yake na umemgeuka. Wenzako watakuita mtoto wa mama, na watakuwa wamesema kweli. Mimi nitakuletea sombe na samaki gerezani kila siku watakayoniruhusu, na nitapita katikati ya soko na chakula chako kichwani bila kujificha kwa mtu. Usidhani nasema hivi kwa wepesi. Nimebaki na wewe tu. Usiku wa Ijumaa na wa jana sikulala, nikisikiliza unavyokoroma na kujiuliza kama kuna namna ya kukuokoa wewe na wao pamoja. Sikuipata. Basi nimechagua, na nataka ujue kwamba ninaogopa.

Usiniambie amri ni amri. Waliompiga Mzee Safari nao walikuwa wametumwa. Na usiniambie kwamba usipokwenda wewe atakwenda mwingine. Aende huyo mwingine. Hakunyonya kwa Mama Vero.

Kama pamoja na yote haya utapanda, basi ujue utakachokikuta, ili usije ukasema Mama alikuficha tena.

Utakapotoka kwa chefu jioni hutanikuta nyumbani. Saa kumi naondoka na gari la mchuuzi wa samaki anayekwenda Boga, na kutoka hapo nitashuka kwa miguu. Nimeandika ushuhuda wangu kwa mkono wangu: nani alituficha, nani alichimba, jiwe lilitoka jikoni kwa nani, na mimi niliahidiwa nini na chefu. Nimetia sahihi nakala mbili. Moja nimemwachia padri, ambaye sasa anajua kwa nini nilisema mkono unaniuma. Nyingine ninayo, nitampa Mama Vero mkononi, na nitapiga magoti nikimpa. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili.

Asiponifukuza, nitamwomba jambo moja. Nitamwomba aniruhusu nishike jembe ambalo desturi yao ilininyima, nifukue kaburi la mwanangu. Jembe liko hapa, nimelifunga katika kitenge. Sijui nitakuta nini baada ya miaka yote hii; alikuwa mdogo, na udongo wa Kasugo una maji mengi. Labda nitakuta mifupa miwili mitatu. Labda sitakuta kitu, na hapo nitamwomba Mama Vero kiganja kimoja cha udongo, akipenda kunipa, maana ni wake. Nitakachopata nitakileta hapa Saio, nitakizika nyuma ya jiko langu, mahali ambapo hakuna chefu anayepataka.

Alikuwa amelala vizuri pale. Ni watu waliompenda ndio waliomlaza, na kumtoa ni kama kumzika mara ya pili. Nakuomba uelewe kwamba ninyi ndio mnaonituma kufanya hivyo, wewe, chefu, na mimi mwenyewe. Dosie yenu nzima imesimama juu ya mtoto wa miezi sita. Nakwenda kumtoa chini yake.

Jumanne mkishuka, pita nyuma ya nyumba ya Mzee Safari. Utakuta shimo. Simama ukingoni mwake, uwaite askari wako wote wasogee, uwaonyeshe kilichomo, kisha uwaambie kwamba ardhi hii ni yetu.

Mama yako,
na mama wa Isingoma